Supu ya Nafasi ya Kwanza

Chiriku alimwona kupitia dirisha dogo la kupitishia sahani, na upawa ukamponyoka mkononi.

Alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli umebanwa kwapani, akiwapisha watu waliokuwa wakitoka. Miaka yote ile haikuwa imemwongezea kitu ila mvi chache juu ya masikio. Bado aliinamisha kichwa kila alipopita mlangoni, hata mlango uwe mrefu kiasi gani. Bado alikuwa Futi. Jina hilo Chiriku ndiye aliyempa, enzi zile kijana huyo alipokuwa anasomea upimaji ardhi na hakuweza kukaa kwenye kochi la mtu bila kwanza kukadiria upana wake.

Nyuma ya Futi aliingia mama yake.

Chiriku aliinama kuokota upawa, akabaki huko huko chini.

"Umepoteza nini?" aliuliza Mjomba, akiingia jikoni na sahani chafu hadi kidevuni.

"Mwalimu Mkuu yuko hapa."

"Mwalimu mkuu gani?"

"Wangu. Wa shule. Mama yake Futi."

Mjomba alichungulia dirishani. Kisha naye akainama, ingawa hakuna aliyekuwa akimfahamu.

"Wamefuata nini nchi za watu?" alinong'ona.

"Wamefuata namba, Mjomba. Kama hawa wengine wote."

Namba yenyewe ilikuwa ukutani, karibu na mlango. Mjomba aliichapisha kwenye karatasi kubwa na kuibandika kwa mkono wake: mgahawa huu ni wa kwanza kwa ubora katika mji mzima. Hivyo ndivyo ulivyosema ule mtandao ambao wasafiri huufungua kwenye simu wanapotaka kujua wale wapi ugenini. Miezi michache nyuma, mgahawa ulikuwa karibu na mkia wa orodha hiyo, chini ya duka la mikate lililokwisha kufungwa. Mjomba aliona vibaya. Akaandika kwenye kundi la ukoo: "Jamani, tusaidieni, huku tunaonekana kama hatupo."

Hakuomba zaidi ya hapo. Lakini ukoo ule haukujua kusaidia nusunusu.

Mama Mdogo, ambaye hakuwahi kupanda hata ngazi za ghorofa bila kushikwa mkono, aliandika kwamba alikula pale hadi akalia. Binamu walisifu samaki ambaye mgahawa haukuwahi kumpika. Wakwe waliandika, majirani wa wakwe waliandika, na binamu mmoja mwimbaji aliileta kwaya yake nzima. Bibi peke yake alitoa nyota moja, kwa kuwa alidhani moja ndiyo nafasi ya kwanza. Ilibidi abembelezwe ndipo arekebishe. Mji haukuwa mkubwa, na migahawa mingine haikuwa na ukoo. Wakapanda juu. Wageni wakafurika na simu zao mkononi, wakasimama foleni kwenye mvua kusubiri meza katika chumba ambacho mkijaa, mnagongana viwiko.

Chiriku aliona aibu tangu mwanzo. Fundi saa wa duka la pili, aliyekuwa akila pale kila mchana katika kiti kile kile cha pembeni, alifika siku moja akakuta kiti chake kimekaliwa na begi la msafiri. Alivua kofia kwa heshima, akaondoka. Hakurudi tena. Chiriku alimwona akienda na hakumwita. Alijiambia kwamba siku mambo yakitulia ataueleza ulimwengu ukweli. Mambo hayakutulia.

Na sasa ameketi pale mezani mwanamke ambaye maisha yake yote aliyatumia kupanga watoto kwa nafasi. Siku ya kufunga shule, Mwalimu Mkuu alikuwa akisoma majina mbele ya wanafunzi wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, bila kumruka mtu. Jina la Chiriku lilisomwa wakati wenzake wameshaanza kukunja mikeka. Na walipokua, yeye na Futi wakaenda kwa mama huyo kusema kwamba wanapendana, Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma: "Mwanangu amekuwa wa kwanza tangu chekechea. Hawezi kumalizia maisha na aliyeshika mkia."

Futi alikuwa amesimama kando. Aliangalia sakafu, kana kwamba anahesabu vigae. Hakusema neno. Chiriku alimngojea aseme hadi walipofika getini, na baada ya getini hakungoja tena. Mjomba alipomtafuta msaidizi wa jikoni huku ugenini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungasha.

Mjomba alirudi na oda.

"Supu mbili. Yule mama amesema anataka kile kilichotupa nafasi ya kwanza."

"Amesema hivyo?"

"Kwa sauti. Nimejisikia kama natakiwa kupiga saluti."

Chiriku alipakua supu kutoka kwenye sufuria kubwa. Alipangusa ukingo wa bakuli, akapangusa tena, akazipitisha supu zote mbili dirishani bila kuinua uso.

Hazikupita dakika nyingi akasikia maji yakitiririka kwenye sinki la kunawia, lililokuwa kwenye kiambaza kati ya jikoni na chumba cha wageni. Yalitiririka muda mrefu kuliko kawaida. Alitoka akiwa ameshika kitambaa, tayari kufunga bomba lililosahauliwa.

Futi alikuwa hapo. Walitazamana. Futi ndiye aliyeshusha macho kwanza.

"Mikono yako imeshatakata," Chiriku alisema.

"Nilihitaji sababu ya kusimama hapa."

"Na umeipata?"

"Nimepata sinki." Alifunga bomba. "Hujambo, Chiriku?"

Hakuna aliyekuwa akimwita hivyo kwa sauti ile. Ukoo wote ulilitumia jina hilo, kwa sababu utotoni alisema bila kupumzika; lakini kinywani mwa Futi jina lilikuwa dogo na la kwake peke yake. Alijikaza.

"Sijambo. Umejuaje kwamba niko hapa?"

"Wapima ardhi tuna mkutano wetu mjini. Nilimchukua Mama, amestaafu, hajawahi kutembea. Tukaona njaa. Hatumjui mtu, lugha ya watu hatuijui. Mama akasema, fungua simu tuone wa kwanza ni nani. Nikafungua. Nikaona lugha za dunia nzima, halafu katikati yake Kiswahili." Alitoa simu mfukoni, akasoma taratibu: "'Mtoto wetu Chiriku ana mkono wa baraka. Supu yake inaponya mafua. Bado hajaolewa.'"

Chiriku aliuficha uso wake kwa aproni.

"Mama Mdogo," alisema kutoka ndani ya kitambaa.

"Nilimtambua kabla sijamaliza kusoma. Mama Mdogo anaogopa ngazi. Nikajua hajafika huku."

"Kwa hiyo unajua kwamba ni uongo."

"Najua."

"Na mama yako?"

Futi aliangalia bomba, kana kwamba jibu lingedondoka hapo. "Mama anaona wa kwanza. Nilimwambia njiani kwamba mpishi ni wewe. Unajua alisema nini? Alisema, 'Kumbe yule msichana alikuwa na kitu.' Chiriku, maneno hayo nimeyangoja miaka. Tuyaache tu. Ale, afurahi, halafu nitamweleza mambo yetu."

"Mambo yetu yapi?"

"Sijaoa."

"Sikukuuliza."

"Najua hukuniuliza. Nimekwambia tu."

Moyo wa Chiriku uliruka, na papo hapo akauonea aibu moyo huo. Ilikuwa rahisi kiasi gani! Hakutakiwa hata kudanganya. Alitakiwa kunyamaza tu, kama alivyonyamaza siku ya fundi saa.

"Siku ile ulijificha kwenye vigae," alisema. "Leo unajificha nyuma ya Mama Mdogo."

Futi alipokea maneno hayo bila kukwepa. Masikio yake yaliwaka.

"Ni kweli."

"Ni kweli, basi?"

"Ningekuwa na la kujitetea ningelisema. Sina." Alikunja kitambaa cha kufutia mikono mara nne, kingo zikalingana sawasawa. "Na kuna jambo jingine. Supu ina chumvi."

"Supu gani?"

"Yako. Nyingi mno. Nilimwambia Mama, akanikanya."

Chiriku aligeuka, akaingia jikoni, akachota supu kwa upawa na kuonja. Ulimi ulimkauka. Alimtazama Mjomba, aliyekuwa akifuta vikombe.

"Mjomba, supu umeitia chumvi?"

"Nimeitia. Kwa nini?"

"Mimi pia niliitia."

"Lini?"

"Ulipokwenda kuazima viti."

Walikuwa na desturi yao ya tangu zamani: aliyetia chumvi huweka kijiko juu ya mfuniko, ili mwenziwe aone. Haikuwahi kushindwa. Lakini siku hizi vijiko vyote vilikuwa mezani kwa wageni, na mfuniko haukuwa na cha kuwekewa.

"Na wamekunywa wote hao?" Mjomba aliuliza kwa sauti ndogo.

Wakachungulia dirishani. Mabakuli yalikuwa yanaisha. Msafiri mmoja alikuwa ameinuka kitini kuipiga picha supu yake kutoka juu. Alionja, akakunja uso, akaitazama karatasi ya ukutani, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuendelea.

Chiriku alivua aproni. Aliivaa tena, kwa kuwa hakujua mikono yake ataiweka wapi. Akatoka.

Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa wima, mkoba magotini, bakuli tupu mbele yake. Futi alikuwa amerudi kitini. Bakuli lake lilikuwa bado limejaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Simama vizuri nikuone." Mwalimu alimkagua kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Umenenepa kidogo. Vizuri. Mpishi mwembamba ananitia shaka. Supu yako nimeimaliza yote."

"Mwalimu, supu ile..."

"Nzuri sana. Huyu mwanangu anadai ina chumvi. Amekaa sana kwenye makambi ya upimaji, anakula biskuti na dagaa wa kopo, ulimi umekufa ganzi. Watu wote hawa wakosee, apatie yeye?"

"Mama," Futi alisema.

"Ngoja, nazungumza. Keti, binti yangu."

Binti yangu. Chiriku hakuketi.

"Mimi si mtu wa kuzungukazunguka," Mwalimu aliendelea. "Nilisema maneno juu yako siku moja nyumbani kwangu. Niliyasema kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Leo nina ushahidi mwingine." Alinyoosha kidole ukutani. "Mtu anayeweza kwenda nchi ya wenyewe akawapita wenyewe kwa kupika, huyo nilimsahihisha vibaya. Niko tayari kulisema hilo. Na huyu hapa, ambaye tangu tuingie hajabandua macho kwenye lile dirisha la jikoni, anafikiri sioni..."

Futi alimtazama Chiriku. Macho yake yalimsihi: nyamaza. Sentensi moja tu ilibaki, na baada ya sentensi hiyo yote aliyoyakosa yangekuwa yake.

"Mwalimu," Chiriku alisema, "nimeangalizia."

Mkono wa Mwalimu ulisimama hewani. Neno hilo alikuwa amelisikia mara nyingi katika vyumba vya mtihani, lakini kwa watoto waliokuwa wakilikana.

"Umefanya nini?"

"Nafasi ile si yangu. Walioandika si wateja, ni ukoo wetu. Hawajawahi kufika hapa. Mjomba aliomba msaada, wakatusaidia mno. Mimi nilijua nikanyamaza."

"Wote hao?"

"Walioanza wote. Hawa wengine wamekuja kwa sababu ya wale."

"Na Bibi yako?"

"Bibi naye."

"Bibi yako hajui kusoma."

"Alisomewa, Mwalimu."

Meza za jirani ziliendelea kula. Hakuna aliyeielewa lugha yao. Mwanamke mmoja wa meza ya pili alimtabasamia Chiriku na kuinua kijiko kumpongeza. Hilo ndilo lililomfanya machozi yamlengelenge.

"Kwa haki ulikuwa wa ngapi?" Mwalimu aliuliza.

"Karibu na mwisho. Kama kawaida yangu. Na supu ina chumvi. Imetiwa mara mbili. Futi hakukosea. Nisamehe kwa kukulisha."

Mwalimu alichukua glasi yake ya maji, akainywa yote. Akavuta ya Futi, akainywa nayo hadi chini. Alipoiweka mezani, midomo yake haikuwa imara kama zamani.

"Nilijua," alisema.

"Mama?"

"Nilijua tangu kijiko cha kwanza. Ulimi wangu ulikataa. Wewe ukasema, nikakukanya. Nikaimaliza yote, mtu mzima, mwenye shinikizo la damu. Kwa nini niliimaliza?" Aliuliza kama alivyouliza darasani, akingoja mkono uinuke. Hakuna aliyeinua. "Kwa sababu ukutani kumeandikwa wa kwanza. Kumeandikwa na watu nisiowajua, na ulimi ninao mwenyewe."

Alifungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. Alikuwa akimwangalia Chiriku, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, Chiriku alimwona mwanamke huyo hajui pa kuweka macho.

"Mpishi wa shule alipokuwa akiumwa, wewe ulikuwa ukiachwa jikoni kuwapikia wenzako uji," Mwalimu alisema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilikuwa nakosa hesabu."

"Ulikuwa unakosa hesabu. Na mimi nilikuwa naletewa kikombe ofisini. Ule uji ulikuwa mzuri kuliko wa mpishi mwenyewe. Nilikunywa, nikatoka, nikakusoma wa mwisho mbele ya shule nzima. Uji haukuwa somo." Alitazama bakuli tupu. "Siwezi kukubali jambo lolote leo. Nimeaibika sana kuweza kukubali."

"Mama, mimi sikukuleta hapa kwa sababu ya namba," Futi alisema.

Sauti yake ilikuwa nzito, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Mama yake alimgeukia.

"Sema."

"Nilijua namba ni ya uongo. Nilikuacha uiamini, ili ukubali kuja hapa. Siku ile nyumbani nilitakiwa kusema, nikanyamaza. Nilimpenda akiwa wa mwisho, Mama. Hajawahi kuwa wa mwisho kwangu. Naona aibu kwamba sikulisema hilo mbele yake, wala mbele yako."

"Umelisema sasa," Mwalimu alisema. "Umechelewa, na bila mpangilio, lakini umelisema." Akasimama, akaweka mkoba begani. "Kesho nitakuja mapema, kabla ya hawa wenye simu. Utanipikia kitu cha kawaida. Nitakionja kwa ulimi wangu, na kikiwa kibaya nitakwambia ni kibaya. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

"Na kile kikaratasi?"

Chiriku alikwenda ukutani, akakibandua. Gundi ya Mjomba ilikuwa kali. Rangi ya ukuta ilitoka nayo, likabaki baka jeupe ambalo kila mtu aingiaye angeliona. Mjomba, aliyesimama mlangoni mwa jikoni, alifumba macho kana kwamba anang'olewa jino.

"Kesho asubuhi utakwenda kwa fundi saa," Chiriku alimwambia. "Mwambie kiti chake kipo."

"Nitamwambia nini cha zaidi?"

"Mwambie tulipotea."

Mwalimu alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Huyu mwacheni hapa," alisema, akimwonyesha Futi kwa ncha ya mwavuli. "Hoteli yenyewe ni hapo ng'ambo ya barabara, nitavuka. Amekuwa wa kwanza kwa kila kitu, lakini kuosha vyombo sijawahi kumtungia mtihani."

Wageni wote waliombwa radhi na kuahidiwa supu mpya. Baadhi walingoja, wengine waliondoka wakiandika kwa hasira kwenye simu zao. Chiriku hakuwazuia. Aliimwaga sufuria, akabandika nyingine. Pembeni yake Futi alisimama amekunja mikono ya shati, akisugua vijiko kimoja kimoja na kuvipanga kwa urefu.

Ilipochemka, Chiriku alitia chumvi. Akachukua kijiko kisafi kutoka kwenye safu ya Futi, akakilaza juu ya mfuniko.

"Hicho cha nini?" Futi aliuliza.

"Ukikiona hapo, usitie tena."

"Na nisipokiona?"

"Uliza," Chiriku alisema. Hakumtazama. Uso ulikuwa bado unamwaka kwa yote ya siku ile. "Mdomo unao."

Maji yalikoma kutiririka. Futi alifuta mikono yake polepole, akakikunja kile kitambaa mara nne, akakiweka chini.

"Basi nauliza," alisema.

Nyuma ya mlango, Mjomba aliacha kujifanya anapanga viti.

"Uliza kwa sauti," Chiriku alimwambia.